Pikap ya dizeli au ya petroli: nguvu ipi unayoitumia kila siku?

"Habari za kazi mhandisi. Nataka kununua Hilux ya milango minne na nimepata mbili. Ya kwanza ni ya petroli, 2.7, gia za mkono, imetumiwa na mtu mmoja hapa hapa Dar, ina kilomita 140,000 na daftari la matengenezo lipo. Ya pili ni dizeli 2.4 yenye turbo, otomatiki, imeingizwa kutoka nje, inasoma kilomita 95,000 lakini haina karatasi yoyote ya huduma, na bei yake imeizidi ile ya kwanza kwa milioni 12. Naishi Tegeta, ofisi ipo Posta, siku za kazi nakwenda na kurudi peke yangu kwenye foleni. Kila baada ya miezi miwili naenda shambani Mafinga na kurudi na mzigo, mara viazi mara mbao, kama kilo 600. Kaka yangu anasema pikap ya petroli ni ya kupendeza machoni tu, haina nguvu, mlima wa Kitonga utanilaza. Fundi wangu anasema dizeli za siku hizi ni balaa, nozo zikifa nitauza shamba. Kinachonichanganya zaidi, nimesoma kwamba ile ya petroli ndiyo yenye nguvu farasi nyingi. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, kaka yako na fundi wako wote wana ukweli, ila kila mmoja anajibu swali lake. Kaka anajibu gari lipi linavuta, fundi anajibu gari lipi litakutia hasara. Lililo muhimu kuliko yote mawili hakuna aliyekuuliza: wewe unaendesha vipi siku ya Jumatatu, na siku ya Jumatano, na nyingine karibu mia tatu zinazofanana na hizo?

Nianze na tarakimu zilizokuchanganya, kwa sababu umesoma sahihi. Injini ya petroli ya 2.7 ikiwa mpya hutoa takriban nguvu farasi 164, yaani kilowati 122. Dizeli ya 2.4 hutoa takriban 148, yaani kilowati 110. Kwa karatasi petroli imeshinda. Lakini soma mstari wa pili wa karatasi hiyo hiyo, ule wa nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi tunaiita torki. Petroli inatoa nyutonimita 245, dizeli ya otomatiki inatoa 400. Hapo watu wa dizeli hushangilia na watu wa petroli huanza kubishana, na pande zote mbili husahau kusoma kitu kimoja kilichoandikwa pembeni: ni kwenye mizunguko mingapi. Petroli inafikia hizo farasi zake zote ikizunguka mara 5,200 kwa dakika, na torki yake ya juu iko kwenye 4,000. Dizeli inafikia torki yake yote kati ya 1,600 na 2,000, na nguvu yake ya juu iko kwenye 3,400.

Sasa kaa kwenye kiti cha gari lako unalotumia leo, utazame mshale wa mizunguko kutoka Tegeta hadi Mwenge. Utauona unachezea kati ya 800 na 2,500. Ni mara chache sana utagusa 4,000, na 5,200 huenda usiifikie mwaka mzima. Kwa hiyo zile farasi 164 ni mali yako kweli, lakini umeziweka chumba cha juu ambako hupandi.

Tunaweza kupiga hesabu. Nguvu kwa kilowati hupatikana kwa kuzidisha torki kwa mizunguko ya dakika, kisha kugawa kwa 9,549. Kwenye mizunguko 2,000 dizeli inakupa 400 mara 2,000 gawa kwa 9,549, karibu kilowati 84. Petroli kwenye mizunguko hiyo hiyo, hata tukiifanyia upendeleo na kuipa torki yake yote ya 245 ambayo bado haijaifikia, inakupa kilowati 51. Hiyo ndiyo tofauti anayoisikia kaka yako mgongoni anapokanyaga mafuta. Hajakosea kuisikia. Anachokosea ni kudhani ndiyo mwisho wa habari.

Maana ongeza mizunguko ya petroli hadi 4,000 uone. Torki 245 mara 4,000 gawa kwa 9,549 ni kilowati 103. Umeikaribia sana ile 110 ya dizeli. Hapo ndipo gia zinapoingia. Kinachosukuma gari ni ile nguvu inayofika kwenye tairi baada ya kupitia gia na difu, na injini inayozunguka haraka inaweza kupewa gia fupi zaidi ili kila mzunguko ubebe kazi ndogo. Mwangalie mpiga baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa: mmoja atapanda mlima kwa pedali nzito na misuli mikubwa, mwingine kwa pedali nyepesi anazozizungusha upesi. Wote wanafika juu, ila wa pili anahema kwa sauti. Petroli ya 2.7 ndiyo huyo anayehema. Madereva wengi wanaoilalamikia kwamba haina nguvu wanaipandisha mlima kwa gia ya nne huku mizunguko iko 1,800, injini inanguruma chini chini na gari linaganda. Wanaogopa kurudi gia ya tatu au ya pili kwa sababu sauti inawatisha, wanaona kama wanaiua. Injini hiyo ilibuniwa kufanya kazi kwenye 4,000, na ukiwa na oili nzuri na maji ya kutosha kwenye rejeta, dakika kumi za mizunguko hiyo haziiumizi chochote. Kuibana kwenye mizunguko ya chini huku umekanyaga mafuta hadi mwisho ndiko kunakoichosha.

Niieleze na dizeli, maana kuna imani imekaa vichwani kwamba dizeli kwa asili yake ina nguvu. Si kweli hivyo. Tofauti ya asili ni namna mafuta yanavyowaka. Kwenye petroli, hewa na mafuta huchanganywa, hubanwa kiasi, kisha plagi hutoa cheche. Kwenye dizeli hewa hubanwa peke yake, hadi sehemu moja ya 15 au 16 ya ujazo wake kwa injini hizi za sasa, inapata moto mkali, halafu nozo inarusha mafuta ndani na yanawaka yenyewe kwa ule moto wa hewa. Ndicho alichokithibitisha Rudolf Diesel kwa injini yake iliyofanya kazi Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Faida ya kubana hivyo ni kwamba joto la mafuta hugeuka kazi kwa wingi zaidi na sehemu ndogo zaidi hupotelea kwenye ekzosi. Tena lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana dizeli hula kidogo. Lakini kula kidogo si kuvuta sana.

Wanaokumbuka Hilux za zamani za dizeli ya lita 3.0 isiyo na turbo wananielewa. Injini ile ilikuwa na farasi 100 hivi na torki ya kama 200 tu, chini ya petroli ya 2.7 kwa kila kipimo. Ilipendwa kwa sababu ilikuwa ngumu, pampu yake ya kimekanika ilivumilia karibu chochote ulichoiwekea, na fundi wa kijijini aliweza kuifungua kwa spana za kawaida. Kilichoifanya dizeli ya leo itoe 400 ni turbo. Moshi unaotoka unazungusha feni, feni inasukuma hewa nyingi kwa nguvu ndani ya silinda, na penye hewa nyingi unaweza kuchoma mafuta mengi hata kwenye mizunguko ya chini. Ukimsikia mtu anasifia nguvu ya dizeli, moyoni anasifia turbo. Na turbo hiyo hiyo, pamoja na nozo za kompyuta zinazoifuata, ndizo zinazomwogopesha fundi wako.

Kabla sijafika huko, safari yako ya Mafinga ina jambo ambalo karatasi ya kiwanda haikuambii. Dar upo usawa wa bahari. Iringa mjini ni kama mita 1,550, na Mafinga inazidi mita 1,800. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Kwa hiyo ile petroli ya kilowati 122 ikifika Mafinga inabaki na 100 hivi. Ukiwa umebeba mbao unarudi, utaisikia imelegea kila palipo na mwinuko, na si ugonjwa wala mafuta mabaya. Turbo inasukuma hewa yenyewe, hivyo dizeli hupungua kidogo sana kwa mwinuko huo. Mtu anayeishi Mbeya, Njombe au Makete na kubeba mzigo kila siku, huyo nisingemzungusha: achukue dizeli yenye turbo. Ndugu zetu wa Nairobi na Nakuru nao wako juu hivyo hivyo na hesabu ni ile ile.

Basi twende Kitonga yenyewe. Umeshapita Ruaha Mbuyuni, barabara inaanza kujikunja, mbele yako kuna lori la kontena linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yako kuna basi linakusogelea. Uko kilomita 30 kwa saa. Kwenye dizeli ya otomatiki unakanyaga, kuna kuchelewa kidogo sana mpaka turbo ijae, kisha unahisi gari linasukumwa mgongoni bila kelele nyingi. Kwenye petroli ya gia za mkono unatakiwa uwe umeshaingiza gia ya chini kabla nafasi haijapatikana, mizunguko iko juu, ndipo ukikanyaga gari liitike. Ukisubiri nafasi ipatikane ndipo ubadili gia, umeshachelewa. Zote mbili zinapanda Kitonga hata zikiwa na kilo 600, na petroli haitakulaza. Itakudai uendeshe kwa kufikiri mbele kidogo, na itakunywea mafuta. Na pale pasipopitika, penye kona na mstari usiokatika, usiovateke hata ukiwa na farasi elfu moja.

Kwenye mteremko nako, ambako watu hawazungumzii nguvu kabisa, ndiko ninakotaka uwe makini zaidi. Kaka yako huenda anadhani dizeli itakushika vizuri zaidi ukishuka kwa sababu malori ni dizeli. Malori yana breki ya ekzosi inayoziba moshi ili injini izuie gari. Pikap yako haina. Petroli ukiachia mafuta hufunga kilango cha hewa, injini inavuta hewa isiyopatikana na hivyo inajizuia. Dizeli haina uzuiaji wa namna hiyo kwa kiwango kile. Ukishuka na viazi, iwe dizeli au petroli, ingiza gia ya chini tangu mwanzo wa mteremko, na kwenye otomatiki sogeza gia kwenda upande wa kuchagua mwenyewe, usiiache kwenye D ikakimbia na wewe ukakanyaga breki njia nzima hadi zikaanza kunuka.

Na kuhusu kubeba: uwezo wa pikap kubeba mzigo haumo kwenye injini. Uko kwenye chasisi, springi za nyuma, ekseli, tairi na breki. Hilux ya petroli na ya dizeli za aina moja hubeba uzito unaokaribiana, na mara nyingine ya petroli ina nafasi zaidi kwa sababu injini yake ni nyepesi. Kilo 600 ziko ndani ya uwezo wa zote mbili, mradi abiria wasijae ndani na wewe usiongeze gunia moja hapa na jingine pale. Anayepakia kilo 1,500 kwa kuwa injini ni dizeli anavunja springi, anachosha breki, na polisi wa barabarani ndiyo shida yake ndogo kuliko zote.

Sasa tumsikilize fundi wako. Hofu yake ina msingi, ingawa ameitia chumvi. Nozo za dizeli ya sasa, zile za komoni reli, yaani zinazolishwa na bomba moja la mgandamizo mkubwa, zinarusha mafuta kwa mgandamizo unaozidi baa 1,600. Tairi lako lina baa mbili na ushee. Mafuta hupita kwenye matundu yenye upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Na dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu na nozo, hakuna oili nyingine humo. Kwa hiyo maji kidogo au vumbi laini lililopita filta huwa msasa. Mafuta ya taa yakichanganywa humo hupunguza ule ulainishaji na chuma kinasuguana na chuma. Tunaokumbuka miaka ya uchakachuaji tunajua pampu ngapi zilikufa kabla EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, haijaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa, mwaka 2010, na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya kuchanganya. Hali imekuwa nzuri zaidi tangu hapo. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hilo limezisaidia sana injini hizi. Lakini bado, ukiwa na dizeli ya komoni reli, chagua sheli yenye wateja wengi na uizoee, usijaze kwenye dumu la njiani, badilisha filta ya dizeli kabla ya muda wake na umwage maji kwenye kikombe cha chini cha filta. Anayefanya hivyo kwa uaminifu mara nyingi hufika kilomita 200,000 na kuendelea bila kugusa nozo. Wanaouza mashamba ni wale wanaosubiri taa iwake.

Zile hadithi za dizeli kudumu milele, nazo zinahusu injini za zamani. Injini ya dizeli bado ni nzito na imejengwa kwa mgandamizo mkubwa, ila leo tunaidai torki mara mbili ya zamani kutoka kwenye ujazo mdogo zaidi. Inadumu ikitunzwa. Petroli ya 2.7 isiyo na turbo inadaiwa kidogo, ina vitu vichache vya kuharibika, na cheni yake ya ndani haina ratiba ya kubadilishwa kama mkanda. Ukiniuliza ipi inasamehe uzembe, ni petroli, bila kusita.

Foleni yako ya kila siku ina pande mbili, na watu wengi huona upande mmoja. Upande wa mafuta, dizeli inashinda hapo kuliko mahali pengine popote: petroli ikiwa inaunguruma tu au inatambaa, kile kilango cha hewa kilichofungwa kinaifanya injini ipoteze nguvu kujivutia hewa, na dizeli haina mzigo huo. Upande wa afya ya injini, dizeli inashindwa hapo hapo. Mwendo wa kutambaa hautoi joto la kutosha kwenye ekzosi, masizi yanajaa kwenye ile vali inayorudisha moshi ndani, na kama gari lina chujio la masizi, linaziba. Pikap zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya tangu kanuni za Euro 5 karibu zote zina chujio hilo, na zilizouzwa Japani pia zinalo. Chujio hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi kama 600, na kwa hilo linahitaji mwendo wa kasi usiokatizwa wa dakika 15 au 20. Ukilikatiza kila mara kwa kuzima gari, mafuta yaliyorushwa kwa ajili ya kuchoma huteremkia kwenye oili, na utaona kwenye kijiti oili inapanda badala ya kushuka. Hiyo ni dalili mbaya, usiipuuze. Yako imetoka nje, kwa hiyo la kwanza kuuliza ni kama chujio lipo, kama ni zima, au kama kuna mtu alishalikata akaacha bomba tupu na kompyuta ikadanganywa. Kama limekatwa, jua pia unanunua gari linalotoa masizi mapafuni mwa watu mnaokaa nao foleni, na mimi hilo siwezi kulishauri.

Tuje kwenye fedha. Tegeta hadi Posta ni kilomita 25 hivi, kwenda na kurudi 50. Kwa siku 300 ni kilomita 15,000. Safari sita za Mafinga, kila moja karibu 1,160 kwenda na kurudi, ni 7,000. Jumla 22,000 kwa mwaka. Kwa matumizi kama yako, petroli ya 2.7 tuiwekee kilomita 8 kwa lita na dizeli 11. Petroli itakunywea lita 2,750, dizeli lita 2,000. Tofauti ni lita 750. Bei hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza, na kuna miezi dizeli huwa juu ya petroli, lakini kwa mfano wa shilingi 2,800 kwa zote mbili unaokoa milioni 2.1 kwa mwaka. Umeambiwa dizeli imezidi kwa milioni 12. Zigawe: utahitaji zaidi ya miaka mitano na nusu kurudisha tofauti hiyo, bila kuharibika chochote. Nozo nne mpya halisi zikihitajika katikati, akiba ya mwaka mzima na zaidi inaondoka. Ni kweli dizeli utakuja kuiuza kwa bei nzuri zaidi, kwa hiyo milioni zote 12 hazijapotea. Hata hivyo, hesabu haikusukumi kwenye dizeli kwa namna unavyoishi sasa.

Ungeniambia unakwenda Mafinga kila wiki, au unavuta tela, au unahamia huko juu, ningegeuza jibu langu. Dizeli ingeokoa mafuta mengi, ingepata barabara ndefu ya kujisafisha, na ile torki ya chini ungeitumia kila saa. Na kama dizeli hii ingekuwa na daftari la huduma na petroli haina, pia ningekusogeza upande wake. Lakini ulichonacho mkononi ni petroli inayojulikana historia yake kwa bei ndogo, na dizeli isiyojulikana kwa bei kubwa, kwa mtu ambaye siku nyingi yupo peke yake kwenye foleni usawa wa bahari. Mimi ningechukua petroli, nikabadilisha plagi, oili na filta ya hewa wiki hiyo hiyo, nikakagua klachi kwa kuwa 140,000 za foleni za Dar huila klachi, na nikatenga laki kadhaa za breki na springi.

Usiamue lakini kabla hujaziendesha zote mbili, na usiziendeshe zikiwa tupu kwenye lami tambarare mbele ya yadi. Mwombe muuzaji, weka watu wanne ndani na mifuko kadhaa ya saruji nyuma, panda vilima vya Goba au Wazo. Petroli ijaribu kwa gia ya pili ikiwa na resi za juu, usikilize kama inavuta moja kwa moja bila kukata, na ujiulize kwa dhati kama unaweza kuishi na kelele ile. Wapo wanaoichukia, na hilo ni jambo la haki kabisa kulipima, maana wewe ndiye utakayekaa nayo.

Kwa dizeli macho na masikio hayatoshi. Fika asubuhi kabla haijawashwa, gusa injini uhakikishe ni ya baridi. Iwashe mwenyewe. Ikisumbua kuwaka, ikitoa moshi mweupe unaoendelea, au ikigonga kama nyundo kisha ikatulia ikipata moto, nozo zina neno. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Moshi ukisukumwa kwa nguvu, mgandamizo unapitia kwenye ringi au kwenye washa za shaba zilizo chini ya nozo. Moshi wa bluu ukiachia mafuta baada ya kupiga resi huelekeza kwenye turbo. Baada ya hapo ipeleke kwa fundi wa dizeli mwenye mashine ya uchunguzi, sio anayesikiliza kwa sikio peke yake, asome marekebisho ya kila nozo, kiwango cha masizi kwenye chujio kama lipo, na apime mafuta yanayorudi kutoka kila nozo. Kipimo hicho ni kazi ya asubuhi moja na gharama yake ni ndogo mbele ya milioni 12. Akuangalizie pia kama kilomita zilizo kwenye kompyuta zinalingana na zile za kwenye dashibodi, na kama usukani, pedali na kiti cha dereva vimechakaa kwa kiasi kinachofanana na 95,000. Mimi kutoka hapa nilipo siwezi kukuambia lolote juu ya nozo za gari hilo. Yule fundi aliyeinama juu yake ndiye mwenye neno.

Muuzaji akikataa gari lisipelekwe kupimwa, rudi kwa mwenye petroli.